Fonti ya brashi: iache kwenye kichwa

Umeuliza kama fonti nene ya brashi, yaani herufi zinazoonekana kama zimepakwa kwa brashi ya rangi, inafaa bango zima, pamoja na tarehe na maelezo. Hapana, iache kwenye kichwa: maneno mawili matatu, makubwa. Uzuri wake wote uko kwenye kingo zilizochanika na ile michirizi mkia wa herufi unapoishiwa rangi. Ukiipunguza hadi pointi 10, michirizi inaziba na "a" inageuka doa. Maelezo yaandike kwa fonti nyoofu isiyo na madoido.

Na kama fonti yenyewe ni ya mwandiko wa kuunganisha, mfano Brush Script ya 1942, tafadhali usiandike neno zima kwa herufi kubwa, hazishikani. Neno kama "saa" litafutie "a" ya pili yenye umbo mbadala (herufi ileile iliyochorwa tofauti kidogo ndani ya fonti), maana mkono haurudii herufi ileile sawasawa.