Damu iko shingoni mwa nani?

SWALI: Assalaam alaykum Mhariri. Barazani kwetu tumebishana sana juu ya wafalme wa zamani wa Uingereza waliodai kuwa wamewekwa na Mungu na hawaulizwi na mtu. Mfalme wa namna hiyo akiridhia mtu auawe bila ya haki, damu iko shingoni mwake, au mwa waliomshauri na waliotekeleza?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Dai lile halimpunguzii mfalme mzigo, linamzidishia, kwani asiyeulizwa na watu hana wa kumsukumia lawama mbele ya Mungu. James wa Kwanza aliliambia Bunge mwaka 1610 kuwa wafalme ni makaimu wa Mungu duniani. Aliyeonja uchungu wa maneno hayo ni mwanawe, Charles wa Kwanza.

Mwezi wa Aprili 1641 Charles alimwandikia mshauri wake mkuu, Strafford, akimwahidi kwa neno la mfalme kwamba hatadhurika. Kesi ya uhaini dhidi ya Strafford ilipokwama, Bunge likapitisha sheria ya kumuua, na umati wenye hasira ukajaa nje ya kasri. Strafford mwenyewe akaandika barua ya kumfungulia mfalme ahadi yake. Inasimuliwa kuwa Askofu Williams alimwambia mfalme kwamba ana dhamiri mbili, moja ya utawala na moja ya nafsi yake, ilhali Askofu Juxon alimshauri asiridhie jambo ambalo moyo wake umelikataa. Charles aliridhia, na tarehe 12 Mei Strafford akakatwa kichwa.

Kwangu mimi, ushauri wa Williams ulikuwa wa hatari kuliko umati, kwa sababu unamzoesha mtawala kudhulumu kwa jina la cheo na kujiona msafi akiwa faraghani. Charles hakuutumia kujitetea. Tarehe 30 Januari 1649, akiwa juu ya jukwaa la kuuawa, na Juxon yule yule ubavuni pake, alisema kuwa hukumu ya dhuluma aliyoiachia ipite ndiyo anayoadhibiwa kwayo sasa, kwa hukumu ya dhuluma juu yake.

Ama watekelezaji, sote tuliosoma chuoni tunaijua Hadithi kuwa hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Mwaka 1660 Daniel Axtell, aliyeongoza askari wa ulinzi katika kesi ya Charles, alijitetea kuwa alitii amri ya wakubwa wake. Mahakama ikamkatalia, akauawa. Mahakama hiyo ilikuwa ya mtoto wa mfalme aliyeuawa, kwa hiyo siichukui kuwa mizani ya haki. Lakini katika hoja hiyo moja, kwamba amri haimtoi mtu hatiani, naona ilisema kweli.