Theluji haijakuibia watoto, bibie

*Shikamoo Shangazi. Naishi Mtwara mjini, biashara yangu korosho. Mume wangu, mtu wa Lindi, yuko Oslo, Norwe, mwaka wa nne sasa anaendesha basi, na watoto wetu wawili (miaka 10 na 7) wako naye kwa ajili ya shule. Tatizo ni skii, vile vibao virefu vya kufunga miguuni. Desemba mpaka Aprili, kila wikiendi anawapeleka kuteleza kwenye theluji. Watavunjika! Nikipiga simu wako msituni. Mdogo ameniambia, "Mama, wewe hujui." Mavyaa badala ya kumkanya mwanawe anawaonyesha majirani video. Nataka warudi kabla ya msimu ujao. Nifanyeje?*

*Halafu, kwenye picha mbili yupo mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia nyekundu.*

*Mama Wawili, Mtwara*

Marahaba mwanangu. Pole. Kulala mbali na watoto si mchezo. Pole nyingine leo sina.

Video uliyonitumia kama ushahidi wa mateso nimeitazama mara tatu. Binti anaanguka, fimbo huku, skii kule. Baba hakimbilii kumwinua, anasubiri. Mtoto anajizoazoa mwenyewe, anacheka, theluji imemjaa mpaka kwenye kope. Kisha baba anavua glavu zake, anavishika vile vidole, anavipulizia, anavificha kwapani mwake. Bibie, hapa Mtwara nawajua akina baba wasiojua mtoto wao anavaa kiatu namba ngapi. Huyu anajua kidole kipi kimeanza kufa ganzi, nawe unaniletea mashtaka?

Hiyo ya kuvunjika ni kisingizio. Wanayocheza wanao si ile ya kuporomoka mlimani unayoiona kwenye televisheni. Ni ya kwenda mdogomdogo msituni, katika njia iliyochongwa mistari miwili, kisigino kinainuka kama unatembea. Wanorwe husema wao huzaliwa na skii miguuni. Pale Oslo unapanda treni ya mjini na skii zako mkononi mpaka msitu wa Nordmarka, kama sisi tunavyopanda bajaji na ndoo ya samaki. Tena wanasimulia kwamba mwaka 1206, wakati wa vita, mashujaa wawili walimvusha mtoto Håkon, mwenye miaka kama miwili, milimani kwa skii, naye baadaye akawa mfalme. Mpaka leo kuna mbio za kumkumbuka, kila mshindani na mzigo wa kilo 3.5 mgongoni. Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Watoto wa Mikindani wanajitosa kwenye kina kabla hawajaijua a-e-i-o-u, na hakuna mama aliyeniandikia.

Wafini, watu wa Finland, walipokuwa na mradi wao huku kwetu, Mtwara na Lindi, nilimjua mmoja aliyezitundika skii zake ukutani barazani. Joto la Januari, jasho linatutiririka, yeye anazishusha na kuzipaka nta. Nikamuuliza, za nini? Akasema, "Baba yangu alinifundishia hizi." Nikanyamaza.

Sasa tuseme ya kweli. Unaandika kwamba ulikwenda kuwaona mara moja, Novemba, ukakaa siku 18, ukarudi "kuwahi mnada" wa korosho. Novemba ya Oslo! Kiza kinaingia saa kumi alasiri na theluji yenyewe haijatulia. Hukuona kitu. Msimu wa skii unaanza wakati wako wa korosho umepamba moto, na mumeo hajakwambia uache stakabadhi za ghalani za korosho zako ukalee watoto. Mwanamume amebaki na watoto wawili baridini, anawapikia, anawafulia, na yeye mwenyewe, mtoto wa pwani, amejifunza skii ukubwani kwa kuanguka kuliko wao. Mavyaa wako ana haki ya kujitapa. Mtoto akisema "wewe hujui", hakukutusi. Asiyekuwapo na lake halipo.

Na kofia nyekundu. Umeiandika mwisho kabisa kama kitu kidogo, lakini barua yako inaanzia hapo. Ni nani, mimi sijui. Wewe pia hujui, kwa sababu hujauliza. Nilichokiona katika picha hizo ni watoto wanne wasio wako wamemng'ang'ania koti. Muulize mumeo jina lake, kwa sauti ya kawaida, si ya polisi.

Ndoa za siku hizi zinaishi kwenye bando. Zamani mume alisafiri na jahazi, mke akakaa miezi asijue lolote, akaamini. Leo unaona kila kitu, kwenye kioo kidogo kama kiganja, na kila unachokiona kinakukera, maana kinaonekana bila wewe. Wanawake watatu wameniandikia mwaka huu kulalamikia picha. Hakuna aliyelalamikia tendo.

Kuwarudisha watoto, hapana. Nenda wewe. Shule za Oslo hufunga wiki moja ya Februari, likizo ya majira ya baridi, na Februari minada yako imekwisha. Visa inachukua muda, kaanze wiki hii. Mwambie mumeo akukodishie skii, uanguke mbele ya wanao wakucheke. Bebea kilo mbili za korosho za kukaanga, na kimoja katika vifurushi ukampe mwenye kofia nyekundu kwa mkono wako, macho yako yamtazame vizuri.

Soksi za sufu usinunue hapa. Zile za sokoni ni za kuchezea mpira.