Jibu: Udi unaacha harufu ya kuungua

Habari ndugu. Umesema ukifukiza udi sebuleni inabaki harufu ya kuungua, na ile ya unyevunyevu haiondoki. Kwanza angalia mkaa. Ukiwa bado mwekundu, usiweke kitu. Subiri ufunikwe na jivu jeupe, kisha weka kipande kidogo kama ukucha. Kama ni udi wa kupika, yaani uliopikwa kwa sukari, ile sukari ndiyo inayoungua. Mimi niliunguza udi wa Idi mpaka mama mkwe akaninyang'anya chetezo.

Unyevu udi hauuondoi, unaufunika tu. Anika mapazia juani kwanza. Siku za kawaida mimi huchemsha mchaichai, karafuu tano na kijiti cha mdalasini, sufuria wazi, harufu ienee nyumbani. Chetezo cha umeme sijawahi kukitumia.