Besi inavuma, sauti inazama: je, ninunue plagini ya masta?

Swali: Nimepiga gitaa na kuimba kwenye bendi kwa miaka mingi. Sasa nimeanza mradi wangu mwenyewe wa pop ya elektroniki, na kila kitu nakifanya peke yangu kwenye kompyuta. Wimbo wa kwanza uko tayari. Kwenye hedifoni ni mtamu, kwenye spika kubwa besi inavuma hadi kero, na kwenye simu besi hiyo hiyo haisikiki kabisa. Sauti yangu nayo inazama kila kiitikio kikiingia. Ninunue plagini (programu ya nyongeza) ya masta, au niupeleke kwa fundi?

Jibu: Hela yako iache mfukoni kwanza. Masta, yaani hatua ya mwisho ya kuung'arisha wimbo mzima, hunyanyua kilichopo. Kama ndani mna vurugu, utapata vurugu ile ile kwa sauti kubwa zaidi. Kwa dalili ulizotaja, nashuku tatizo limeanza hata kabla ya miksi (kuchanganya na kupimia sauti zote), kwenye mpangilio wa wimbo. Kwenye bendi kinanda kikimwingilia mpiga besi, mpiga besi husema. Ukiwa peke yako hakuna wa kukukatalia, basi unajaza tu.

Tuanze na huku chini. Zima vyote, bakiza kiki (ile ngoma nzito ya chini) na besi. Kiki nyingi za elektroniki zina mkia mrefu unaotua karibu na hezi (mitetemo kwa sekunde) 50 au 60. Besi ikipiga A ya hezi 55, zote mbili zinagombea chumba kimoja. Mawimbi yakijumlishana, unapata huo mvumo. Yakifutana, pigo linalegea. Ndiyo maana ekwalaiza, ya kupunguza au kuongeza hezi fulani, peke yake haitulizi mambo: tatizo linahama kila noti inapobadilika. Amua nani mwenye chumba. Kama besi inashikilia noti ndefu, fupisha mkia wa kiki. Kama unataka kiki ndiyo iwe nzito, ipandishe besi oktavu moja.

Kisha weka kompresa (kifaa kinachobana sauti) kwenye besi, iongozwe na kiki, ili besi iiname kidogo kila kiki inapogonga. Hapa wengi hukosea muda wa kuachia, yaani muda ambao kompresa huchukua kuirudisha besi juu. Gawanya 60,000 kwa tempo yako: kwa tempo ya mapigo 120 kwa dakika unapata milisekunde 500 kati ya pigo na pigo. Besi lazima iwe imerudi kabla ya pigo linalofuata, kwa hiyo anzia milisekunde 150 hivi, kisha rekebisha kwa sikio. Kwenye muziki wa klabu watu huibana mpaka wimbo mzima unahema, na ni ladha yao. Kwa pop ya kuimbwa, mimi hushusha desibeli 3 au 4, basi.

Simu ni kesi nyingine. Spika ndogo namna ile haiwezi kukutolea hezi 55 za maana, hata ukiongeza besi vipi. Utakuwa unaharibu spika kubwa bure. Nakili traki ya besi, ile nakala itie distosheni (ukwaruzi, kama wa gitaa la umeme), halafu ikate chini ya hezi 150. Hapo zinajitokeza sauti za juu za noti ile ile, hezi 165, 220 na kuendelea, na sikio likizipata hizo hujijazia noti ya chini lenyewe. Pandisha nakala hiyo polepole huku unasikiliza kwenye simu. Pale tu mstari wa besi unapoanza kufuatika, acha.

Sauti yako usiipandishe. Cheza kiitikio, zima sinthi (vinanda vya elektroniki) moja baada ya nyingine. Ile ambayo ikizimwa maneno yanatoka wazi, ndiyo mkosaji. Mara nyingi ni pedi (sinthi ya kodi ndefu za nyuma) pana iliyofunguliwa filta yote, yaani haikukatwa sauti za juu, imekaa kati ya kilohezi 1 na 4, penye uwazi wa maneno. Funga filta, au iache ipige pale unapovuta pumzi. (Ninyi wapiga gitaa mna mazoea ya kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za nyuzi sita. Kwenye sinthi noti tatu zinatosha, wakati mwingine mbili.)

Kuhusu ukubwa wa sauti, usijichoshe. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Ukiuponda wimbo uwe na kelele kuliko hapo utashushwa tu, ubaki na ngoma zilizolala. Kilele kiache kwenye desibeli -1.

Ukishafanya haya ndipo umtafute fundi wa masta, na kama uwezo upo nakushauri umtafute, maana masikio yako yameshauzoea huo wimbo. Mpe WAV ya biti 24 (faili la sauti lisilobanwa) isiyo na limita, kile kizuizi cha vilele vya sauti, kwenye chaneli kuu. Mpe na toleo lako lenye limita, ajue ulikuwa unasikia nini ulipoukubali.