Shangazi, binti yangu wa kuasili hataki chumba chake

*Shangazi, shikamoo. Tumeasili binti mwenye miaka 2 na miezi 4. Alitoka kwenye makao ya watoto miezi 8 iliyopita, na tangu siku ya kwanza analala katikati yetu. Mume wangu amechoka na mateke ya usiku, na chumba cha mtoto tulishakiandaa. Wiki mbili zilizopita tulimlaza huko tukafunga mlango. Alilia mpaka akatapika, halafu akanyamaza. Asubuhi nilimkuta macho makavu, anatazama dari, hata hakuniita. Kwa siku mbili hakutaka nimbebe. Wifi yangu anasema tujikaze usiku 3 tu, atazoea. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Kilio hakikunishtua sana. Ukimya wa asubuhi ndio ulionishtua. Kwenye makao, mlezi mmoja wa zamu huwa na watoto wengi usiku, na wapo wanaojifunza mapema kwamba kulia hakuleti mtu, wakaacha kuita. Binti yako alianza kuamini kwamba kwako akiita anaitikiwa. Usiku ule alirudi kwenye somo la zamani. Ushauri wa wifi yako umewafaa wengine, lakini mtoto huyu kabla ya kutimiza miaka 2 alishampoteza mama mzazi, kisha walezi, kitanda na sauti zote alizozijua. Mlango uliofungwa kwake una maana nyingine kabisa. Usiufunge tena.

Kwa sasa mrudishe kwenu, na kwa wiki 2 habari ya kuhama usiku msiitaje. Katika siku hizo mchunguze. Akijikwaa anakukimbilia wewe hata kama kuna watu wengine? Akishtuka usiku anakupapasa, na ukimshika anatulia baada ya dakika chache? Mchana unaweza kwenda chooni akaendelea na mchezo wake? Kama bado, ongeza mwezi mmoja. Na kama karibuni anaanza shule ya awali au mnatarajia mtoto mwingine, acha hayo yatulie kwanza.

Kosa lenu lilikuwa kubadilisha mambo matatu kwa usiku mmoja: kitanda, chumba, na mtu wa kulala naye. Yatenganisheni.

Anzeni na kitanda. Kiingizeni chumbani kwenu, upande wako, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unamgusa. Ama kigusane kabisa na chenu pasibaki mwanya, ama kiachwe mbali kidogo; mwanya mwembamba humnasa mtoto. Mume wako atapumzika na mateke tangu usiku wa kwanza, na hiyo itakusaidia kupata subira yake kwa hatua zinazofuata. Kaeni hivyo kama siku 14.

Wakati huohuo, mchana, kizoesheni chumba chake. Keti naye sakafuni mcheze dakika 20 kila siku. Baada ya wiki moja, alale usingizi wa mchana humo, nawe ulale kando yake mpaka aamke. Hapo usiibe muda ukapike. Anapofumbua macho akukute palepale alipokuacha.

Ndipo kitanda kirudi chumbani kwake usiku, nawe uhamie naye kwa godoro sakafuni. Mashuka yawe yaleyale, na wiki hiyo usiyafue. Harufu aliyoizoea ni sehemu ya usalama wake. Fulana uliyoivaa mchana kutwa inafaa kuwa foronya yake. Akilala vizuri usiku 3 mfululizo, sogeza godoro lako hatua moja: kutoka ubavuni hadi katikati ya chumba, kisha mlangoni, kisha korido. Mchana zoeeni kuagana na kurudi. Mwambie, “Naweka kikombe jikoni, narudi,” nenda nusu dakika, urudi kabla hajalia. Ongeza polepole hadi dakika 5.

Kunyatia ukatoka akishasinzia bila kumwambia ndiko kunakoharibu kazi ya wiki nzima. Mtoto wa umri huu huzinduka kidogo mara kadhaa kila usiku. Akikuta kila kitu kama alivyokiacha, huendelea kulala. Akikuta mtu ametoweka, hujifunza kwamba watu hupotea mtu akilala, na kesho yake atapigana na usingizi. Mwambie mapema: “Ukilala nitakwenda kitandani kwangu. Ukiita, nakuja.” Na akiita uende, hata mara 6.

Chumba kisiwe cha giza na kimya kabisa. Amezoea pumzi za watoto wenzake na mwanga wa korido. Weka taa hafifu ya rangi ya manjano, mlango wazi. Kitanda kiwe cha chini, mbali na dirisha na kamba za pazia, na kabati lifungwe ukutani kwa skrubu, kwa sababu sasa atakuwa anashuka mwenyewe. Kama kuna ngazi njiani, iwekewe kizuizi.

Utaratibu wa jioni ufuatane vilevile kila siku, kama dakika 30 hadi 40: kuoga, kula kidogo, mswaki, hadithi, taa. Hicho chakula usikiruke. Mtoto aliyewahi kujua njaa huamka kwa hofu yake hata akiwa ameshiba, na kikombe cha maji mchagoni humtuliza. Kwa umri wake anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, pamoja na ule wa mchana.

Akipiga mayowe saa 1 hadi 3 baada ya kulala, macho wazi lakini hakutambui, usimtikise kumwamsha. Kaa karibu asijiumize, itapita. Ndoto mbaya huja zaidi usiku mkubwa au alfajiri, naye huamka kabisa, hapo mkumbatie. Akikoroma na pumzi kukatika, mpeleke kwa daktari.

Mafua, safari au mgeni anaweza kumrudisha nyuma. Nawe rudi naye hatua moja usiku huohuo, kisha mwendelee. Hesabuni miezi 2 au 3, pengine zaidi, na mume wako alijue hilo sasa asije akahesabu usiku.

Usiku mmoja atakuita kutoka chumbani kwake. Usimjibu kwa sauti ukiwa kitandani. Inuka, nenda, umguse.