Ukiagiza jiwe la nje, anza na uzito

Kreni niliyokodi ilikuwa ya tani 5. Jiwe lilikuwa la tani 5 na ushei. Dereva alipolinyanyua kidogo tu kutoka kwenye boti, matairi ya nyuma yakaacha ardhi. Akalirudisha taratibu, akazima injini, akanigeukia: "Fundi, hili ulipimia nini?"

Nilipimia daftari. Na hesabu yangu ilikuwa sawa, isipokuwa namba moja.

Kazi yenyewe ilikuwa sanamu ya mpira wa miguu ya kuwekwa kwenye kipilefti hapa Kigoma. Mji wetu mpira unaujua. Julai 2021 Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakashinda 1–0, na vijiweni bado watu wanabishana. Nikataka mpira wa kizamani, ule wa Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico: vipande 32, vyeusi 12 vya pembe tano na vyeupe 20 vya pembe sita. Wengi walinishauri nitumie zege na rangi. Rangi kwenye kipilefti, kwa jua hili na vumbi hili? Masika mawili haimalizi.

Jiwe jeusi la Mutoko, kaskazini-mashariki mwa Harare, Zimbabwe, lina tabia niliyoipenda. Ukilisugua hadi ling'ae linakuwa jeusi tii. Ukiligonga kwa nyundo ya meno linakuwa la kijivu kama majivu. Jiwe moja, rangi mbili. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyonitoa nje ya nchi. Kama kazi yako haihitaji weusi huo, usijitese: Tabora, Singida na Mwanza graniti imelala juu ya ardhi, mbuzi wanaipanda.

Sasa ile namba. Mpira halisi una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Wangu ni mara tano yake, mita 1.1. Nikaagiza bonge la mita 1.2 kila upande, ambalo ni kama mita za ujazo 1.73. Graniti ya kawaida ina uzito wa tani 2.7 hivi kwa mita ya ujazo, nikaandika tani 4.7 na kulala usingizi. Kumbe hili jeusi, ingawa sokoni nalo huitwa graniti, ni mwamba wa jamii nyingine, wa takribani tani 3. Piga hesabu upya: tani 5.2. Tena zile tani 5 za kreni ni pale mkono unapokuwa mfupi. Ukiurefusha kufikia boti, nguvu inapungua. Tulisubiri kreni kubwa siku nne, na boti haingoji bure.

Kingine, nenda machimboni mwenyewe. Mimi nilitumiwa picha za bonge safi, nikafika nikaonyeshwa lingine. Nikaomba ndoo ya maji, nikalimwagia, nikakaa kivulini. Jiwe lilipoanza kukauka, mstari mwembamba kama uzi ukabaki na unyevu, kutoka kona hadi kona. Huo ni ufa. Tukahamia bonge la pili. Nikaligonga kwa nyundo, likalia kama kengele badala ya kutoa sauti ya debe bovu. Nikaandika namba yangu kwa rangi pande zote sita, ndipo nikalipa.

Utajiuliza kwa nini sikulichonga duara hukohuko, maana mpira uliokamilika ni tani 2.1 tu na nauli nyingine yote nimelipia vipande. Kwanza, bonge la pembe likigongwa njiani linapoteza kona ambayo ungeikata hata hivyo. Tufe likigongwa limeharibika. Pili, kwenye orodha ya ushuru ya forodha bonge ghafi lipo kifungu 2516, na jiwe lililochongwa linahamia 6802. Zungumza na wakala wa forodha kabla patasi haijagusa kitu. Chukua pia cheti cha asili ya bidhaa cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kinachoonyesha jiwe limetoka nchi gani, kabla mzigo haujaondoka.

Njia yangu ilikuwa Harare, Chirundu, Lusaka, Mpulungu, kisha ziwani hadi Kigoma. Magogo ya kulalia jiwe hakikisha yana muhuri wa HT, yaani yamepashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 kuua wadudu. Nilimkuta mwenzangu mmoja mpakani jiwe lake zuri limekwama kwa sababu ya mbao.

Vile vipande vya tani tatu jirani yangu Mama Zawadi aliviomba, akavimwaga uani kwake. Kuku wake wanaparua kokoto iliyovuka mipaka miwili, na yeye ananiuliza lini naleta nyingine.