Kijana Anasugua Benchi la Besiboli Chuoni? Soma Hapa Kabla Hujampigia Kocha

Ikifika katikati ya Februari, msimu wa besiboli ya vyuo ukifunguliwa hapa Marekani, simu yangu haitulii. Ni wazazi wenzangu, Wabongo na Wakenya wenye vijana waliopata chuo kupitia mchezo huu, na lalamiko halibadiliki: "Kaka, dogo tangu msimu uanze anasugua benchi. Huyu kocha ana nini naye?" Wengi wetu tumekulia kwenye soka, kugombea namba tunakujua vizuri. Ila besiboli ya chuo ina hesabu zake, na asiyezijua ataona chuki hata pasipo na chuki.

Uwanjani wanaingia tisa. Yupo na wa kumi, anayepiga tu bila kukaa kwenye ulinzi, kwa kawaida akishika zamu ya kupiga ya mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira. Sasa angalia kikosi: kwa vyuo vya daraja la kwanza la NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo, vilivyoingia kwenye makubaliano ya kesi ya 2025 kuhusu malipo ya wanamichezo, ukomo ni wachezaji 34. Karibu nusu yao ni warushaji, nao wana foleni yao. Waliobaki wote wanagombea nafasi chache zilezile, na hakuna hata mmoja wao ambaye hakuwa nyota wa sekondari yake. Msimu wa kawaida hauzidi mechi 56: tatu za wikendi, Ijumaa hadi Jumapili, na moja ya katikati ya wiki, mara nyingi Jumanne. Halafu anayetolewa harudi. Kule sekondari, aliyeanza mechi akitolewa anaruhusiwa kurudi mara moja, kwa hiyo kocha anaweza kumpa kila mtu zamu kidogo. Chuoni mambo hayo hakuna.

Kuna na suala la umri. Zamani kijana wa mwaka wa kwanza alikuwa akigombea namba na waliomtangulia chuo hicho hicho. Tangu 2021 mchezaji ameruhusiwa kuhama mara moja na kucheza msimu unaofuata bila kukaa nje, na tangu Aprili 2024 anahama mara anazotaka ilimradi masomo yake yako sawa. Maana yake kocha akiona pengo beisi ya tatu (beisi ni kituo anachokanyaga mkimbiaji akizunguka uwanja) hamsubiri mtoto wako akomae. Anamleta mtu wa miaka 22 aliyekwisha kucheza misimu mitatu kwingine, mwenye ndevu na mabega ya mtu mzima. Huyo ndiye aliyekalia namba ya kijana wako, na hakuna aliyemwonea mtu.

Kwa hiyo maswali ya maana huulizwa kabla ya kusaini, na mengi hayahusu pesa. Wangapi wanacheza nafasi ya mwanangu, na wako mwaka wa ngapi? Msimu uliopita mliwachukua wangapi kutoka vyuo vingine? Vijana wa mwaka wa kwanza walianza mechi ngapi? Kocha muungwana atajibu bila kuzunguka. Akikwepa, orodha ya wachezaji wa mwaka jana iko kwenye tovuti ya timu pamoja na takwimu zao, kaa nayo jioni moja na kalamu. Na ufadhili mdogo nao una ujumbe wake. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza kilikuwa na ufadhili kamili 11.7 tu wa kugawa kwa wachezaji wengi wa besiboli, hivyo robo ya ada ilikuwa kitu cha kawaida. Ukomo huo umeondolewa kwa vyuo vilivyokubali makubaliano, lakini kocha bado huweka pesa kule anakotarajia mchezaji. Aliyepewa kidogo hajakatazwa kucheza. Ajue tu kwamba uvumilivu wa benchi la ufundi kwake utakuwa mfupi.

Sasa kocha anaangalia nini anapoandika kikosi? Wazazi tunaangalia kugonga, kwa sababu ndiko kunakoonekana. Kocha huanzia kwenye ulinzi: mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji, wawili wa katikati kwenye beisi ya pili, na mlinzi wa kati wa nje. Hao anaweza kuwapanga hata kama magongo yao yamelala, kwa sababu kosa moja la katikati linaweza kuzaa pointi mbili. Kwenye kona, beisi ya kwanza na kushoto nje, usipogonga hukai. Kisha anaangalia mkono. Mrushaji wa wapinzani akitumia kulia, wanaopiga kwa kushoto wanapanda thamani, na kinyume chake. Mtoto anayepiga kwa kushoto anaweza kupiga vizuri sana Jumamosi, na Jumapili akakaa, kwa sababu tu mrushaji wa wapinzani siku hiyo anarusha kwa kushoto. Nimeona baba mtu akitukana jukwaani kwa jambo hilo. Mwenzake wa kiti cha pili alimweleza taratibu hadi akatulia, ila mkewe alikuwa amekwisha kuhama safu.

Kuna jambo moja nimelishuhudia kwa kijana wangu, nalo ndilo huwasimulia wanaolalamika. Ilikuwa mechi ya Jumanne mwezi Machi, baridi ya kutafuna, wazazi tumejifunika mablanketi. Yeye benchi, kama kawaida. Lakini alikuwa na saa ya kupimia mkononi na kidaftari pajani, na kila mtu wetu akiwa beisi ya kwanza, alipima muda tangu mrushaji aanze kuinua mguu hadi mpira utue kwenye glavu ya mdakaji. Mrushaji mwepesi hutumia kama sekunde 1.3. Huyu alikuwa anakwenda 1.5, na kila alipotaka kurusha kweli, si kumtishia mkimbiaji, bega lake la mbele lilijifunga kwanza. Mdakaji kutupa hadi beisi ya pili ni kama sekunde 2. Jumlisha, unapata 3.5, na kijana mwenye mbio anayeiba beisi, yaani anayekimbilia ya pili bila kungoja mpira ugongwe, anafika kwa 3.4 hivi. Akamwonyesha kocha msaidizi. Iningi ya nane tukiwa nyuma kwa moja, mtu wetu mzito akafika beisi ya kwanza, kocha mkuu akageuka nyuma: "Wewe mwenye saa, ingia." Mrusho wa pili akaiba beisi, akafika amesimama. Mwenzake akagonga kati, kijana akarudi beisi ya nyumbani na kuleta pointi, mechi sawa.

Hakupewa namba kesho yake. Akawa mkimbiaji wa kuingizwa mwishoni, ndicho cheo chake. Baadaye mlinzi wa kushoto akavuta msuli wa paja, na kocha, kati ya watu watatu ambao angeweza kuwapanga, alimpanga yule ambaye alikwisha kuzoea kumtegemea. Alipiga wa tisa, wa mwisho kabisa kwenye orodha, na nyumbani tulichinja kuku.

Kuhusu simu kwa kocha: usipige. Kule kwetu nyumbani mzazi kwenda kumwona mwalimu mkuu ni kujali, na heshima inatawala mazungumzo. Hapa mwanachuo ni mtu mzima, na makocha wengi husema waziwazi kwenye kikao cha kwanza kwamba muda wa kucheza hawaujadili na mzazi. Ukipiga, anayeumia ni kijana. Aende mwenyewe, siku isiyo ya mechi, na swali lake lisiwe "mbona sichezi?" Hilo linamfanya kocha ajitetee. Aulize: "Kocha, ukitaka kuniingiza dhidi ya mrushaji wa kulia, ni kitu gani kinakutia wasiwasi kwangu?" Jibu la swali hilo linaweza kufanyiwa kazi Jumatatu asubuhi. Na akikupigia usiku, "Shikamoo baba, leo tena sijaingia," muulize amekula nini na mtihani wa takwimu umekwendaje. Kocha anaye tayari, hahitaji wa pili.

Dalili nyingine ya kusoma ni majira ya joto. Makocha ndio huwatafutia vijana timu za ligi za kiangazi, kule ambako wanatumia magongo ya mbao badala ya ya chuma na kulala kwa familia wenyeji. Ile ya Cape Cod, Massachusetts, ndiyo yenye jina kubwa zaidi. Kocha akimhangaikia mwanao timu, hata ndogo, yumo kwenye mipango. Mei ikiisha na hakuna aliyemtajia kiangazi, nalo ni jibu.

Mwaka wa kukaa bila kucheza nao uzungumzwe mapema. Kanuni aliyoingia nayo kijana wangu ilikuwa misimu minne ndani ya miaka mitano, na kwenye besiboli kuingia mechi moja tu, hata kukimbia beisi moja, kulihesabiwa msimu mzima, ukiacha mambo ya majeraha. Kama kanuni ya mwanao ni hiyo hiyo na Aprili hajagusa uwanja, kuingizwa kwa iningi moja kwenye mechi iliyokwisha kuamuliwa si zawadi. Aongee na kocha kabla.

Na akiamua kuhama, vyuo vya miaka miwili visidharauliwe. Kijana hucheza karibu kila siku na timu za kulipwa zinaweza kumchagua bila kusubiri amalize mwaka wa tatu. Ila kabla ya kuweka jina kwenye mfumo wa uhamisho, mambo mawili. Chuo chake kinaweza kumwondolea ufadhili muhula ukiisha, hata asipopata pa kwenda. Na apeleke matokeo yake kwa ofisi ya masomo ya kule anakokwenda wamwambie kwa maandishi ni masomo gani watayapokea, kwa sababu daraja la kwanza linataka uwe umekamilisha asilimia 40 ya shahada ukianza mwaka wa tatu. Masomo yakikataliwa, atakalia benchi lingine, na safari hii kocha hatakuwa na la kufanya.